Nyumba ya Ziwani Iliyokuwa Ndani ya CD

Mke wangu alianza kuomba arudishwe nyumbani mwaka ule ambao mvua zilichelewa. Tulikuwa nyumbani. Tulikuwa tumekaa uani kwetu hapa Kibondo, katika nyumba tuliyoijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma, naye alikuwa akipepeta maharage. Aliweka ungo chini, akaniambia kwa upole kama mgeni anayeaga, "Mwalimu, tumeshakaa vya kutosha. Sasa twende kwetu."

"Kwetu wapi, mama?"

"Kule ziwani. Nyumba ile yenye kengele mlangoni."

Kibondo haina ziwa. Ina vilima, mihogo, nyuki, na vumbi jekundu linalokaa hata ndani ya sukari. Ziwa kubwa tunalolijua ni Tanganyika, na mke wangu hakupata kuishi huko hata juma moja. Alizaliwa Kitahana, akasomea ualimu, akafundisha pamoja nami Kasulu kwa miaka mingi, tukastaafu, tukarudi. Daktari alikuwa ameshatueleza juu ya ugonjwa wa kusahau. Alisema tusibishane naye. Akisema ni asubuhi, basi iwe asubuhi. Ushauri huo ulinikaa vibaya kooni, mimi niliyefundisha katekisimu tangu ujanani na kuwaambia watoto kwamba uongo mdogo haupo.

Kisha akaanza kuondoka. Mara ya kwanza alikutwa sokoni, amekaa kwa heshima kwenye gunia la mtu. Mara ya pili kijana wa bodaboda alimrudisha kutoka ng'ambo ya daraja, kwenye barabara ya Kasulu, akiwa ameshika viatu mkononi ili visichafuke. Binti yetu, ambaye ni muuguzi na anakaa nasi, alimwosha miguu mama yake kimya kimya, kisha akanifuata jikoni.

"Baba, mara ya tatu hatutampata. Nanunua kufuli la geti."

"Mama yako si mbuzi."

"Sijasema ni mbuzi. Nimesema barabarani kuna malori."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika. Nilimwomba anipe mpaka Oktoba, mwezi wa Rozari, uishe. Alihesabu kwa vidole, akasema zimebaki siku kumi na tisa, na kwamba hatangoja siku ya ishirini.

Tulimpeleka Kitahana kwanza, tukidhani ndiko anakokutaka. Ndugu zake walitupokea kwa furaha, wakachinja jogoo. Mke wangu aliwasalimu wote kwa Kiha, akala, akasifu mboga, akatazama kilima alichokuwa akikipanda akiwa msichana. Halafu akaninong'oneza, "Ni watu wazuri sana. Lakini si hapa."

Siku ya saba tulikuwa tukimenya karanga kibarazani. Hakusema nami, alikuwa anazungumza na maganda. Alisema, "Ndege mweupe akishavuka, maji yanatulia. Ndipo unaweza kwenda."

Mikono yangu ilisimama. Nilimfahamu ndege huyo. Nilikuwa nimemtazama akivuka ziwa mara mia, labda elfu, nikiwa nimekaa karibu na mwanamke huyu huyu, bega kwa bega, mbele ya kompyuta.

Inanibidi nieleze. Wakati tunafundisha Kasulu, kambi ya Mtabila ilikuwa bado imejaa Warundi, na magari ya mashirika yalipita kila saa. Mzungu mmoja aliyekuwa akimaliza kazi kambini alituachia kompyuta yake, ile ya kizamani yenye mgongo mkubwa kama jiko la mkaa, pamoja na CD moja. Ndani ya CD hiyo mlikuwa na mchezo. Sikuwa najua kwamba kuna michezo ya kompyuta isiyo ya kupigana wala kukimbizana. Huu ulikuwa wa safari. Unaonyeshwa picha ya mahali, unabonyeza upande unaotaka kwenda, picha inabadilika. Unaokota vitu, unafumbua mafumbo, na hadithi inafunguka kidogo kidogo. Maneno yake machache yalikuwa ya Kifaransa, lugha tusiyoijua. Kwetu ulikuwa kama ndoto ya mtu mwingine tuliyoruhusiwa kutembea ndani yake.

Ulianza na ziwa lenye ukungu. Ndege mweupe alitokea kushoto, akavuka polepole hadi kulia, na mpaka avuke, kipanya hakikukubali lolote. Mke wangu, ambaye hakupenda kupoteza muda, alizoea kusali Salamu Maria moja wakati ndege anavuka. Alipofika kwenye "Amina", ndege alikuwa ameingia mianzini, na njia ilifunguka. Ilikuwa njia ya mawe, ikipanda hadi kwenye nyumba nyeupe yenye baraza pana, benchi, na kengele ya shaba. Dirisha moja lilikuwa na taa.

Tulipiga kengele. Hakuna aliyekuja. Tulipiga ya pili, na ya tatu. Tumelelewa hivyo: hodi ni tatu, usipojibiwa unageuka bila kinyongo. Basi tuligeuka, tukazunguka bustani, tukatazama maji, tukazima kompyuta. Kesho yake baada ya vipindi tulirudi tena.

Mwalimu mmoja Mrundi wa kambini, aliyejua Kifaransa, alikuwa akitutembelea Jumamosi. Siku moja aliuliza tumefika wapi katika mchezo.

"Barazani," mke wangu akamjibu.

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresma."

Ilikuwa imebaki wiki moja Pentekoste ifike, yaani miezi kama mitatu ilikuwa imepita. Yule bwana alitutazama mmoja mmoja. "Na mnafanya nini barazani tangu Kwaresma?"

"Tunapiga kengele. Hawajibu. Tunaondoka."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mugenzi wanje, rafiki yangu, ingieni! Mlango hauna kufuli. Mnaingia, mnachukua funguo kwenye droo, mnachukua taa, mnachukua kila kitu. Ndivyo unavyochezwa! Hakuna mtu humo ndani."

"Kama hakuna mtu," mke wangu akasema, "taa ile nani kaiwasha?"

Kuanzia hapo kila alipotuona alituita wageni wa kudumu. Alitubembeleza, alituchora ramani, lakini mke wangu alisema hawezi kupekua droo za watu hata kama ni za picha, kwa sababu mkono hauwezi kutofautisha. Mimi, nisiseme uongo, nilitamani kuona ndani. Lakini nilipenda zaidi kukaa naye pale nje. Tulikuwa na watoto watano, madaftari ya kusahihisha, jumuiya ya kuongoza, wagonjwa wa kutembelea. Nusu saa ile ndiyo peke yake ambayo hakuna aliyetuhitaji. Hatukumaliza mchezo ule kamwe. Kambi ilifungwa, mwalimu yule akarudi kwao, sisi tukahamia Kibondo, na kompyuta ikawekwa stoo.

Sasa nilikwenda stoo. Panya walikuwa wamezaliana ndani yake vizazi kadhaa. Nilipoichomeka kwenye umeme ilitoa harufu ya nywele zinazoungua, na binti yangu akaichomoa kabla sijamaliza kufanya ishara ya msalaba. Lakini CD nilikuta iko ndani ya misale ya zamani, kitabu cha sala za Misa, mahali ambapo mke wangu alihifadhi kila alichokithamini. Tatizo ni kwamba kompyuta mpakato ya binti yangu haikuwa hata na mahali pa kuingizia CD. Asubuhi yake nilivifunga vyote viwili, CD na kompyuta mpakato, katika kitenge, nikapanda gari la Kasulu.

Kule kuna mama mmoja wa makamo mwenye duka la steshenari, mzaliwa wa Tanga, Mwislamu mshika dini. Alikuja na mumewe aliyekuwa mtumishi wa serikali. Mume akafariki, yeye akabaki na duka na ufundi wa kompyuta. Watu wa Kasulu husema akishindwa yeye, basi zika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Aliishika CD kwa vidole viwili, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Mikwaruzo yake ilimeta kama njia za konokono. "Huyu si mgonjwa, mzee wangu. Huyu ni marehemu."

"Sisi tunaamini ufufuo."

"Nasi tunaamini, lakini siku ya Kiyama. Wewe unautaka leo kabla ya adhuhuri."

Nilimweleza habari za mke wangu. Aliacha kutania. Aliiosha CD kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, akipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto. Akaiweka kwenye kisomeo cha pembeni, akakiunganisha kwa waya. Mashine ikaguruma, ikanyamaza, ikaguruma. Alisema anatoa nakala nzima ya CD na kuiweka ndani ya kompyuta, ili marehemu asisumbuliwe tena. Alipokwenda kuswali aliniachia kazi ya kulinda mstari wa kijani usikwame. Nilisali sala ya Malaika wa Bwana nikiutazama. Aliporudi ulikuwa umejaa.

Akabonyeza. Kikatokea kidirisha cheupe kikisema programu hii haiwezi kufanya kazi hapa.

"Imekataa," nikasema.

"Haijakataa. Haijaelewa. Kompyuta hii ni ya juzi, mchezo ni wa zamani. Ni kama wewe uwasemeshe wajukuu zako Kiha cha babu yako. Watakutazama tu."

"Sasa?"

"Sasa tunatafuta programu inayojigeuza kompyuta ya zamani. Inakaa ndani ya hii mpya, inauambia mchezo, usihofu, mambo ni yale yale, mwaka ni ule ule."

"Yaani tunaudanganya."

"Tunaupa makazi, mwalimu. Usinitie dhambini."

Nilikuwa namfikiria daktari na asubuhi zake. Siku zile zote nilikuwa nimeona kwamba kumkubalia mke wangu yuko mahali pengine ni kusaliti ukweli. Mama yule, akiwa hana habari, alinipa neno lingine la kutumia.

Nililala kwa shemeji yangu. Asubuhi nilipofika dukani, ziwa lilikuwa limeshatokea kwenye kioo. Machozi yalinitoka, kisha yakakauka ghafla, maana ndege mweupe alipita kama jiwe la kombeo. Mawingu yalikimbia, mianzi ilitetemeka, kengele ililia kama simu.

"Nini hiki?"

"Kompyuta za leo zina mbio," akasema. "Mchezo unafuata mbio za mashine. Naweza kuzipunguza, lakini sijui nizifikishe wapi. Wewe ndiye uliyeuona. Ulikuwa unakwendaje?"

Nilitafakari. Sikuwa na saa ya kumwonyesha. "Ndege alivuka kwa Salamu Maria moja," nikasema.

"Ndefu kiasi gani?"

"Ya mke wangu. Hana haraka, lakini hakokoti."

Alitazama mlangoni kama kuna mteja, akavuta kiti. "Basi soma. Mimi napunguza."

Nikasali kwa sauti. Ndege aliingia mianzini nikiwa bado sijalitaja jina la Yesu. Akapunguza. Nikasali tena, safari hii ndege alikwama katikati ya ziwa, mabawa juu, na Amina ikapita. "Umemchosha," nikasema. Akaongeza kidogo. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti alisimama mlangoni akitutazama, mzee mwenye rozari na mama mwenye hijabu, tumeinamia kompyuta na kusali sala moja mara ya nane, akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba," mama akamjibu. "Tunapima mwendo wa ndege. Kigoma nimeambiwa ndiyo mwisho wa reli, na huku kwenu reli yenyewe iliogopa kupanda. Mnataka tupime kwa kitu gani kingine?"

Mara ya kumi na moja niliposema Amina, bawa la mwisho lilipotelea mianzini. Mama aliondoa mkono kwenye kipanya. Mteja naye alivua kofia, ingawa sidhani alijua kwa nini.

Wakati nanunua maandazi ya safari, mama yule alinifanyia wema mwingine. Aliniambia ameucheza mbele kidogo ili kunirahisishia. "Bibi asihangaike huko nje. Nimemwingiza ndani, nimemkalisha sebuleni. Ukifungua tu, yuko nyumbani." Nilimbariki, nikaondoka.

Sikuliona kosa. Mimi, niliyepaswa kuliona kuliko watu wote.

Saa kumi jioni nilimweka mke wangu kibarazani mbele ya kompyuta, nikafungua. Ikatokea sebule nzuri, kiti cha kitambaa, taa mezani. Droo zote zilikuwa wazi, na chini ya picha vilikuwa vimepangwa vitu vilivyookotwa: funguo, kisu, saa ya mfukoni, barua.

Alitazama kwa muda. "Tumeingiaje?"

"Mama, ni ile nyumba ya ziwani."

"Nani katukaribisha? Droo za watu ziko wazi. Mwalimu, umechukua vitu vya watu?"

Sijapata kumwona akinitazama hivyo katika ndoa yetu yote. Alisimama, akavuta kanga mabegani, akatoka getini bila kukimbia, kama mtu anayekataa kushirikiana na wezi. Sikuthubutu kumshika. Nilimfuata hatua kumi nyuma, kwenye vumbi, malori yakitupita, mpaka alipochoka karibu na daraja na binti yetu akatukuta. Binti alikuwa amekuja na kufuli, jipya, bado limo kwenye karatasi yake. Zilibaki siku kumi katika muda wangu, lakini aliliweka mezani, nami sikumpinga.

Nilimpigia simu mama wa Kasulu. Nilipomsimulia, alishusha pumzi ndefu. "Astaghfirullah. Kumbe mwizi ni mimi."

"Hukujua, mwanangu. Mimi ndiye niliyejua nikasahau. Yeye hakuwahi kuingia."

"Hakuwahi kuingia? Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Mlikuwa mnafanya nini, mwalimu?"

"Tulikuwa tunasubiri."

Akanielekeza taratibu, hatua kwa hatua, akirudia kila moja: nifute mahali alipohifadhi, nifungue upya, nibonyeze neno la juu kabisa. Niliandika yote nyuma ya kalenda ya kanisa.

Kesho yake sikumwita. Nilifungua kompyuta kibarazani na kukaa peke yangu nikimenya karanga. Ziwa lilitokea, na ukungu, na sauti ndogo ya maji. Nilisikia kanga yake nyuma yangu kabla ya kumwona. Alisimama. Ndege akatokea kushoto. Nami nikasikia, kwa sauti ile isiyo na haraka wala kukokota, "Salamu Maria, umejaa neema," na niliogopa kugeuka, nikaogopa hata kutafuna. Alipofika Amina, ndege aliingia mianzini.

Akakaa kwenye benchi, kando yangu. Akakishika kipanya kana kwamba alikiacha jana. Akapanda njia ya mawe, akafika barazani, akapiga kengele. Akangoja. Akapiga ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu. Taa ilikuwa ikiwaka dirishani, na hakuna aliyekuja.

"Hawapo," akasema, na uso wake ukalegea wote, paji, midomo, mashavu, kama kitambaa kilichofunguliwa fundo. "Si kitu. Tumefika."

Alikaa hapo mpaka jua lilipoegemea vilima vya magharibi. Binti yetu alirudi kazini, akatukuta, akasimama na sare yake ya uuguzi akimtazama mama yake. Baadaye alilichukua lile kufuli mezani na kulifunga kwenye banda la kuku.

Sisemi kwamba amepona. Kuna asubuhi anaponiita kwa jina la kaka yake, na kuna siku anamlilia mama yake ambaye tulimzika zamani. Lakini kila saa kumi tunakwenda ziwani, na barabara ya Kasulu hajaikanyaga tena peke yake. Umeme ukikatika, anaweka mikono mapajani na kusubiri, kwa sababu kusubiri anakujua. Namshukuru Mungu kwa siku hizo zote, na simwombi anieleze.

Juzi aliniangalia kwa muda mrefu. Ndege alikuwa ameshavuka, kengele ilikuwa imeshapigwa. Macho yake yalikuwa ya adabu, kama tunavyomtazama msafiri tusiyemjua.

"Nawe unawasubiri wenye nyumba?" akaniuliza.

"Nawasubiri."

"Umetoka mbali?"

"Kiasi."

Alifikiri kidogo. Kisha akakusanya kanga yake, akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.